Sola kwenye paa la pamoja: kutafuta hitilafu kwa kufuata dalili

Simu nyingi ninazopokea kutoka kwenye nyumba za ghorofa za Njiro, Sakina na Levolosi, hapa Arusha, huanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, sola yetu imekufa." Mara nyingi nikifika nakuta vifaa vyote ni vizima, ila juu ya paa kuna jambo limebadilika tangu siku ya kufunga: tenki la maji limeongezwa, dishi limehamishwa, kamba ya kuanikia nguo imefungwa kwenye fremu ya paneli, au mafundi wa bati wamepita na kukanyaga nyaya. Kwa hiyo kabla ya kufungua kifaa chochote, waulize wakazi wote, pamoja na mlinzi, nani amepanda paani katika mwezi uliopita na alikwenda kufanya nini. Swali hilo halihitaji kipimo chochote, nalo limenionyesha chanzo cha tatizo mara nyingi kuliko multimita yangu.

Hatari nayo itangulie. Paneli haina swichi ya kuizima. Maadamu kuna mwanga, inazalisha. Paneli moja ya wati 550 hutoa karibu volti 50 ikiwa haijabebeshwa mzigo, na nane zilizounganishwa kwa mfululizo hufikia volti 400, hata kama inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa matumizi ya nyumbani, imezimwa. Umeme huo ni wa mkondo mnyoofu, ambao mafundi huuita DC, na cheche yake ikishawaka haikatiki kirahisi kama ya umeme wa TANESCO. Usichomoe kiunganishi chochote cha paneli wakati mkondo unapita. Zima kwanza breka ya upande wa nyumba, kisha swichi ya DC, kisha betri. Ukaguzi wa macho, usomaji wa kioo cha inveta na usafi vinaweza kufanywa na mkazi yeyote mwangalifu. Kazi yoyote ya kufungua nyaya za paneli ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Usipande peke yako, wala usipande bati likiwa limelowa.

Uzalishaji umeshuka, lakini inveta haionyeshi kosa lolote

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na sababu yake ya kawaida kabisa ni majira. Masika huanza Machi na kufika Mei, na baada yake huja baridi ya Juni hadi Agosti, ambapo mawingu yanaweza kufunika Arusha na Moshi asubuhi nzima. Mtu aliyefungiwa sola Januari, jua likiwa kali, huona namba za Julai na kudhani ameuziwa paneli mbovu. Linganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia, si na mwezi uliopita. Kama mfumo haujatimiza mwaka, linganisha makundi ya paneli yenyewe kwa yenyewe kwenye kioo cha inveta: yakishuka yote kwa kiasi kinachofanana, tuhumu anga kwanza, likishuka moja tu, endelea kusoma.

Sababu ya pili ni kivuli, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu ndipo paa la pamoja linapotofautiana na paa la mtu mmoja. Seli za paneli zimeungana kwa mfululizo, kwa kawaida katika mafungu matatu, kila fungu likiwa na dayodi ya kupitishia mkondo pembeni. Seli moja ikifunikwa na kivuli, fungu lake zima hupitwa, na theluthi ya nguvu ya paneli hiyo hupotea, hata kama kivuli chenyewe ni kidogo kama kiganja. Watu huona kivuli cha bomba la antena na kusema ni chembamba, hakiwezi kudhuru. Kinadhuru.

Tena kivuli hakikai mahali pamoja mwaka mzima. Kwa kuwa miji yetu iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 3 na zaidi kidogo, jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini kuanzia karibu katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na katika miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Tenki lenye kimo cha mita 2 hutupa kivuli cha takriban mita 1 kuelekea kusini mchana wa Juni, na cha sentimita 70 hivi kuelekea kaskazini mchana wa Desemba. Asubuhi na jioni vivuli hivyo hurefuka mara kadhaa. Ndiyo maana tenki lililowekwa Novemba bila madhara yoyote linaweza kuanza kula umeme Mei, na hakuna anayekumbuka tena lini liliwekwa. Kipimo rahisi ni kupanda paani siku ya jua saa tatu asubuhi, saa sita na nusu mchana, ambapo kwa saa zetu jua huwa limefika juu kabisa, na saa kumi alasiri, kisha kupiga picha kila mara.

Katika nyumba moja ya Kijenge, wakazi walikuwa tayari wameshauriwa na fundi aliyenitangulia kununua inveta mpya, na walikuwa wamekwisha kuchangishana nusu ya fedha. Mama mmoja wa ghorofa ya chini ndiye aliyesema, nilipomwamkia na kumuuliza, kwamba mwanawe alipandisha simtenki la pili wiki mbili kabla tatizo halijaanza. Tulilisogeza tenki, uzalishaji ukarudi, na wale watu wakarudishiana michango yao. Bado naumia nikifikiria familia ngapi hazikuwa na mama wa kuwaambia.

Ikiwa kitu chenye kivuli hakiwezi kuhamishwa, fundi anaweza kuzipanga upya paneli ili zile zinazofunikwa ziwe kwenye mfululizo wao wenyewe zisizivute chini nyingine, au kuziwekea kila moja kifaa chake cha kusawazisha nguvu. Njia ya pili ina gharama, na mimi huipendekeza tu pale ambapo nafasi ya paa haina namna nyingine.

Vumbi na vinyesi vya ndege ni sababu ya tatu. Mvua huondoa vumbi la kawaida, lakini haiondoi kinyesi kilichokauka, na kwenye paneli zilizolazwa karibu bapa maji hutuama kwenye ukingo wa chini wa fremu, yakikauka huacha ukoko wa tope juu ya safu ya mwisho ya seli. Kwa latitudo yetu paneli hazihitaji mwinamo mkubwa ili kupata jua, ila nashauri usipungue nyuzi 10 kwa ajili ya ukoko huo. Osha alfajiri paneli zikiwa baridi, kwa maji matupu na brashi laini yenye mpini mrefu. Usimwagie maji baridi kioo kilichochemka saa saba mchana, na usikanyage paneli hata ukiwa pekupeku, kwa sababu seli hupata nyufa usizoziona.

Sababu ya mwisho, ambayo si ya mara nyingi, ni mfululizo mmoja kukatika kabisa: fyuzi imeungua, kiunganishi kimelegea, au panya ametafuna waya. Inveta yenye milango miwili ya paneli itaonyesha mlango mmoja una volti au mkondo sifuri wakati wa jua. Ukiona hivyo, ishia hapo na umwite fundi.

Asubuhi ya mvua inveta inakataa kuwaka, mchana inawaka yenyewe

Inveta za kisasa hupima kila asubuhi kama nyaya za paneli zinavujisha umeme kwenda kwenye fremu au ardhini, na zikiona uvujaji hukataa kuanza kazi. Mvua ikikauka, uvujaji hupungua nayo huwaka, na wakazi hufurahi na kusahau hadi mvua nyingine. Msisahau. Onyo hilo lina maana kwamba mahali fulani umeme wa mamia ya volti uko karibu kugusa chuma.

Mara nyingi chanzo ni viunganishi vilivyoachwa kulala juu ya bati au kwenye dimbwi la zege badala ya kufungwa juu chini ya paneli. Kinachofuata ni waya uliopita kwenye ukingo mkali wa bati na kuchubuka, jambo linaloharakishwa na watu wengi kupita paani kwenda kwenye matenki na madishi yao. Baada ya hapo kuna kisanduku cha nyuma ya paneli kilichoingiza maji, na kwa nadra paneli yenyewe iliyopasuka. Subiri paa likauke, panda, angalia kwa macho tu: waya wenye alama nyeusi za kuungua, uliochubuka, au unaolala majini. Usiguse fremu kwa mikono mitupu wala usimruhusu mtu mwingine aiguse wakati onyo lingali kwenye kioo.

Hapa ndipo ninapowasihi wenye nyumba kwa moyo wote kuhusu waya wa ethi. Fremu zote na reli zote ziunganishwe kwa waya wa ethi hadi kwenye fimbo iliyofukiwa ardhini, kwa sababu paa la pamoja ni mahali pa watoto kuchezea na pa kina mama kuanika nguo mbichi. Nimekuta kamba za nguo zilizofungwa kwenye fremu zisizo na ethi hata kidogo. Ukikuta hivyo, zifungue kamba siku hiyohiyo, usiku ukiingia na paneli zikiwa hazizalishi, na umwite fundi kesho yake.

Kuna namna nyingine ya kutowaka inayofanana na hii lakini hutokea asubuhi kavu za baridi za Julai. Paneli zikiwa baridi volti zake hupanda. Inveta nyingi za kilowati 5 zina ukomo wa volti 450 au 500 upande wa paneli, na fundi aliyeunganisha paneli 10 za volti 49.5 kwa hesabu ya joto la nyuzi 25 ameshafika 495; asubuhi ya nyuzi 12 mfululizo huo hupita 510. Inveta inayojilinda itatoa onyo, isiyojilinda itaungua. Dawa yake ni kupunguza paneli kwenye mfululizo, na ni kazi ya fundi.

Inveta inazima jua likiwa kali, kisha inawaka tena baada ya dakika chache

Soma namba ya kosa kwenye kioo kabla ya kubonyeza kitu. Ikiwa kosa ni la volti za TANESCO kuzidi, chanzo cha kawaida katika maghorofa ni waya mwembamba na mrefu kutoka inveta hadi mita ya chini. Umeme wetu ni wa volti 230, na inveta nyingi hujitoa zikifika karibu 253. Inveta ya kilowati 5 hutoa takriban ampea 22. Kwenye waya wa shaba wa milimita 4 za mraba wenye urefu wa mita 40 volti hupanda kwa 8 hivi, wakati kwenye waya wa milimita 10 hupanda kwa 3 tu. Kama laini ya mtaa tayari ina volti 246, zile 8 ndizo zinazoizima inveta. Pima volti kwenye inveta na kwenye mita kwa wakati mmoja, mchana: tofauti kubwa inaonyesha waya wenu, volti zikiwa juu hata kwenye mita, toeni taarifa TANESCO. Msikubali fundi apandishe ukomo wa inveta ili tu isilie, kwa maana friji na televisheni za nyumba nzima ndizo zitakazolipa.

Ikiwa kosa ni la joto, angalia inveta imewekwa wapi. Stoo ndogo chini ya bati, mlango umefungwa, magunia yamerundikwa mbele ya feni: hapo inveta itajipunguzia nguvu au kuzima. Hamisha magunia kwanza.

Kuna harufu ya kuungua, au breka ya sola inanguruma

Acha kila kitu. Kama unaweza kuifikia breka ya upande wa nyumba bila kupita kwenye moshi, izime. Kisha watoe watu wote na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na uwaambie wazi kwamba paani kuna paneli za sola zenye umeme hata baada ya kuzima. Usimwagie maji, na usichomoe kiunganishi kinachotoa cheche.

Sababu hutafutwa baadaye, na fundi. Ninayoikuta zaidi ni viunganishi vya watengenezaji wawili tofauti vilivyolazimishwa kuingiana kwa sababu vinafanana kwa macho. Vinashika, lakini vinapata joto, na baada ya miezi huyeyuka. Inayofuata ni breka ya kawaida ya AC, yaani ya umeme kama wa TANESCO, iliyowekwa upande wa DC kwa kuwa ni ya bei nafuu, ambayo haina uwezo wa kuikata cheche ya DC.

TANESCO ikikatika, sola nayo inazima

Kama mfumo hauna betri, hili si kosa. Inveta iliyounganishwa na gridi, yaani mtandao wa TANESCO, inapaswa kujizima pale umeme wa mtaa unapokatika, ili mafundi wa TANESCO wanaoshika nyaya wasiuawe na umeme unaotoka kwenye paa lako. Kama kuna betri, angalia breka ya betri, kisha kama chumba chako kiliunganishwa kweli kwenye njia ya akiba ya inveta; katika nyumba za wapangaji wengi mara kwa mara ni vyumba vichache tu vilivyounganishwa na wengine hawakuambiwa. Usichomeke jenereta kwenye mfumo huu bila swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi.

Yuniti za LUKU zinaisha haraka kuliko kabla ya sola

Fanya jaribio hili mchana wa jua: andika yuniti zilizobaki, acha sola iwake saa moja, andika tena; kisha zima sola saa moja nyingine kwa matumizi yaleyale. Kama yuniti zinaisha zaidi sola ikiwa imewaka, chanzo ni kimojawapo kati ya hivi. Mara nyingi inveta imepangwa kuchaji betri kutoka TANESCO, na kubadilisha mpangilio huo ni kazi ya dakika mbili. Kingine ni kihisi cha mkondo, kile kibanio kinachozunguka waya mkuu ambacho mafundi hukiita CT, kufungwa kinyume cha mshale au kwenye fezi isiyo ya inveta. Kosa hilo la fezi ni la kawaida kwenye majengo yenye fezi tatu, yaani laini tatu za umeme. Kihisi kikidanganya, umeme hutoka kwenda mtaani, na baadhi ya mita za LUKU huuhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia. Kurudisha umeme kwenye gridi kunahitaji idhini ya TANESCO na mita ya njia mbili.

Kama jaribio halionyeshi tofauti, zima breka kuu ya chumba chako na uitazame mita. Ikiendelea kuhesabu, kuna mwingine anayekula kwenye laini yako, iwe taa za ngazi, pampu ya maji au jirani. Mwambie mwenye nyumba mbele ya mashahidi, na msiguse lakiri za mita. Hiyo ni mali ya TANESCO.

Betri haifiki asubuhi

Hesabu mzigo wa pamoja kabla ya kuilaumu betri. Pampu ya nguvu ya farasi mmoja hula zaidi ya wati 750 ikizunguka na mara kadhaa zaidi inapoanza; ikifanya kazi usiku kwa betri ya nyumba nzima, hakuna muujiza. Ipangie saa za mchana. Betri ya asidi ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika inapaswa kusoma karibu 12.7 ikiwa imejaa, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikizoea kushuka chini ya hapo haitadumu. Betri iliyovimba au inayonuka mayai viza isichajiwe tena.

Paa linavuja tangu paneli zifungwe

Paa ni mali ya pamoja, na maji yanayoingia kwa mpangaji wa juu hayakumuuliza kama alichangia sola au la. Kwenye bati, angalia skrubu zilizopigwa kwenye bonde badala ya mgongo, washa (pete) za mpira zilizokauka na kupasuka, na skrubu zilizokazwa hadi mpira ukatoka. Silikoni juu ya tundu baya huzuia maji kwa muda mfupi. Tundu la bondeni lizibwe kabisa na kishikizo kihamishiwe kwenye mgongo, juu ya boriti. Kwenye paa la zege, hitilafu ni matundu yaliyotoboa tabaka la kuzuia maji, au fremu iliyoziba njia ya maji hadi yakatuama. Kutumia matofali ya zege kama uzito badala ya kutoboa ni wazo zuri, ila kila paneli ina kilo 28 hivi kabla ya matofali, na jengo la zamani halipaswi kuongezewa mzigo kabla mhandisi wa majengo hajaliona. Ukiona ufa mpya kwenye dari au zege likimeguka chini ya fremu, hama chumba hicho kwanza.

Baada ya marekebisho usisubiri masika. Chagua siku kavu, zima mfumo, mtu mmoja amwage ndoo za maji polepole sehemu moja baada ya nyingine, akianzia chini kwenda juu na kukaa mbali na viunganishi, na mwingine akae ndani ya dari na tochi, akipaza sauti pale tone la kwanza linapoonekana.